Dhahabu ya Bi Harusi na Jasho la Macalder

Zamani, kidani na bangili za bi harusi vilitoka katika kasha la nyanya yake. Vilisuguliwa, vikavaliwa siku ya harusi, kisha vikarudishwa kumngojea mjukuu mwingine. Siku hizi binti aliyesoma, mwenye mshahara wake au biashara yake, hujinunulia mwenyewe. Hutaka seti kamili ya mtindo wa Dubai. Na mtindo ukibadilika, hutamani nyingine. Dada zake na mashoga zake humwiga, hata asiye na uwezo akakopa.

Tusiwe wepesi wa kuwalaumu. Vazi na pambo vimekuwa sauti ya mwenye kuinuka tangu zama za mababu. Hadhi ya utumwa ilipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamezoea kaniki na merikani walijipatia kanga za rangi, na baadaye buibui. Walitaka kuonekana kuwa ni watu kamili, nao walistahili.

Lakini dhahabu ina jambo ambalo kanga haina. Kule Macalder, eneo la Nyatike katika Kaunti ya Migori, mgodi mkubwa ulifungwa mwaka 1966, na wachimbaji wadogo wangali wanalisaka jiwe lenye dhahabu hadi leo. Wanaume huteremka mashimoni. Wanawake wengi huponda mawe na kuuosha unga wake kwa maji na zebaki, ambayo hushikana na chembe za dhahabu. Kisha mchanganyiko huo huchomwa. Zebaki hupaa kama mvuke, nayo dhahabu husalia. Mvuke huo hudhuru mapafu na mishipa ya fahamu, na zebaki yaweza kuuathiri ubongo wa mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unazitaka nchi zipunguze matumizi yake migodini, na zikiweza ziyakomeshe.

Dhahabu ikishayeyushwa haina kwao. Hakuna sonara awezaye kuitazama bangili akakwambia imetoka shimo gani, wala ni mama yupi aliyeiosha. Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hatusemi binti asijipambe. Twasema familia zikae kitako kabla ya harusi. Je, dhahabu ya nyanya haiwezi kupelekwa kwa sonara ikafuliwa upya kwa mtindo autakao binti? Je, mkufu mmoja hautoshi pahala pa seti nzima? Sonara naye aulizwe anunuapo dhahabu yake. Wateja wengi wakiuliza, naye atalazimika kuwauliza wanaomuuzia.

Binti zetu wamepata elimu na kipato ambacho nyanya zao hawakukipata. Mwenye uwezo wa kununua ana uwezo pia wa kuuliza, na mama wa Macalder, aliyeinamia karai lake akiwa na mimba, anauhitaji uwezo huo kuliko sisi tunavyohitaji bangili ya saba.