Maharage Yalowekwe Jioni

Nyangezi, kwenye barabara ya Bukavu kuelekea Kamanyola, nyumba nyingi hula bugali, sombe na maharage. Kati ya hivyo, maharage ndiyo yanayomaliza makala. Na kilo 1 ya makala hutokana na kilo kati ya 5 na 10 za kuni, kwa sababu tanuru la udongo hupoteza sehemu kubwa ya mti. Baadhi ya makala ya Bukavu yanatoka ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970 na kuwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997.

Ndiyo maana, ili kupunguza makala, naanza na chungu. Maharage yakilowekwa jioni, kisha yakainjikwa na kufunikwa, huiva mapema zaidi. Makaa yanayobaki yatiwe, nje ya nyumba, katika chungu chenye kifuniko. Yatazimika kwa kukosa hewa, na kesho yatawaka tena. Anayepikia mafiga ayazungushie udongo, moto usipeperuke ovyo. Majivu yapelekwe shambani: udongo wa kwetu huku Bushi una asidi nyingi, na majivu huipunguza. Maganda ya ndizi mama zetu wamekuwa wakiyarudisha migombani tangu zamani, hilo hawahitaji kufundishwa.

Linaloniuma ni kuwasha babula, jiko letu la makala, kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Moshi wake ni sumu, na mara nyingi anayepika ana mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Majani makavu ya mgomba yanawasha moto vizuri tu.

Mifuko isiyochomwa nayo husombwa na mvua. Ile ya Bukavu huingia Ziwa Kivu, ikafika mto Ruzizi na kukwamisha mitambo ya umeme. Serikali ya Kongo ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa amri ya Desemba 2017, lakini sokoni bado ipo. Tubebe vitunga.

Lakini mzigo huu usiachiwe mama peke yake. Baba akande udongo wa jiko, vijana wapande miti ya kuni kwenye mipaka ya shamba, na wakubwa wa jimbo wafikishe umeme wa Ruzizi katika majiko ya vijijini kwa bei ambayo mkulima anaiweza.