Ndege Kongwe za Mashindano: Nguvu za Kujitolea, Fedha za Mashabiki na Sahihi ya Fundi

Tarehe 21 Agosti, 1989, ndege ya pangaboi ya aina iliyobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipimwa katika anga ya jimbo la New Mexico, Marekani, ikiruka kwa kasi ya kilomita 850 kwa saa. Kasi hiyo inakaribiana na ya ndege kubwa ya abiria ya injini za jeti ikiwa katika kimo cha takribani kilomita 10. Tofauti ni kwamba ndege hiyo, iitwayo Rare Bear, ilipimwa kwa kanuni zinazomtaka rubani asizidi kimo cha mita 100 juu ya ardhi katika njia yote ya kilomita tatu.

Ndege hiyo haikuwa mali ya jeshi wala ya kiwanda. Mmiliki wake na rubani aliyeiongoza siku hiyo, Lyle Shelton, alikuwa rubani wa shirika la ndege la TWA, na wengi wa mafundi walioiandaa walifanya kazi hiyo bila ujira, baada ya saa za ajira zao na wakati wa likizo. Hadi leo ndivyo ndege nyingi kongwe za mashindano nchini humo zinavyofika uwanjani: kwa jasho la watu wa kujitolea na kwa michango ya wapenzi wa mchezo huo. Utaratibu huo umeleta rekodi. Pia umeibua swali ambalo mamlaka za usafiri wa anga zimelazimika kulijibu kwa maandishi, nalo ni nani mwenye kauli ya mwisho kwamba ndege iliyoandaliwa hivyo iko salama kuruka.

Rare Bear ni ndege ya kivita aina ya F8F Bearcat, iliyotengenezwa na kampuni ya Grumman kwa ajili ya meli za kubebea ndege. Aina hiyo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1944 na kufika vikosini ikiwa imechelewa kushiriki vita. Ilikuwa ndege ndogo iliyobebeshwa injini kubwa, sifa iliyowavutia wanamashindano pale jeshi lilipoanza kuziuza. Hii ya Shelton aliipata mwaka 1969 ikiwa gofu lililotelekezwa baada ya ajali katika uwanja wa Valparaiso, jimbo la Indiana, huku sehemu zake kadhaa zikiwa hazipo. Mwezi Septemba mwaka huohuo ikawa imekwisha kufufuliwa na kuingizwa katika mashindano ya Reno, jimbo la Nevada.

Siri ya ufufuo huo ilikuwa katika injini. Badala ya injini yake ya asili, ilifungwa Wright R-3350, yenye silinda 18 zilizopangwa kwa duara katika safu mbili na ujazo wa takribani lita 55. Injini za ukoo huo zilitumika katika ndege za mabomu aina ya B-29, na baadaye katika ndege za abiria za DC-7 na Super Constellation. Ndege za jeti zilipochukua nafasi ya hizo za abiria, injini zake na vipuri vyake vikabaki katika maghala na viwanja vya vyuma chakavu, na mtu mwenye kipato cha mshahara akaweza kuvinunua. Bila mabaki hayo ya usafiri wa abiria, mchezo huu usingefikia kasi uliyoifikia. Mwaka 1972 ndege hiyo ilipanda kutoka kusimama ardhini hadi kimo cha mita 3,000 kwa sekunde 91.9.

Kubadili injini, hata hivyo, si kazi ya kufungua boliti na kukaza nyingine. Injini nzito zaidi huvuta pua ya ndege chini, hivyo uwiano wa uzito wote hauna budi kupangwa upya. Joto lake huhitaji mfumo mkubwa zaidi wa kupoza oili, na nguvu yake huhitaji pangaboi la kuimudu. Kila jibu linazaa swali lingine, na majibu hayo hayamo katika kitabu cha mtengenezaji, kwa kuwa mtengenezaji hakuwahi kuunda ndege ya namna hiyo.

Maandalizi ya msimu huanza miezi mingi kabla ya mashindano. Kazi inayowapokea wageni wengi wa karakana ni ya mikono na haina umaarufu wowote: kuziba mianya ya mabati, kusugua vichwa vya ribiti hadi vilingane na bati, kupaka, kusugua tena na kung'arisha. Katika kasi ya kilomita 700 kwa saa, upinzani wa hewa hula nguvu nyingi ya injini, na kila ukingo uliojitokeza una gharama yake. Silaha, vifaa vya kukinga risasi na mitambo ya kijeshi huondolewa. Wapo wanaofupisha mabawa na kubadili kifuniko cha chumba cha rubani kwa kingine kidogo zaidi. Mpita njia anayeona watu wazima wakisugua bati kwa wiki nzima anaweza kudhani wanapamba. Kumbe wanatafuta kilomita mbili au tatu za ziada.

Kwenye injini, kazi huwa ya tahadhari zaidi. Ili kupata nguvu ya mashindano, hewa inayoingia kwenye silinda hushindiliwa kuliko kiwango alichokusudia mtengenezaji, na hewa iliyoshindiliwa hupata joto kali. Joto likizidi, mchanganyiko wa hewa na petroli huripuka kwa mkupuo badala ya kuungua kwa mpangilio, na mripuko huo unaweza kutoboa pistoni ndani ya muda mfupi sana. Ndiyo sababu mchanganyiko wa maji na methanoli hunyunyizwa katika hewa hiyo ili kuipoza, na petroli inayotumika huwa ya daraja la juu kuliko ile ya kawaida ya viwanjani. Ikiwa pampu ya maji hayo itasita, rubani anapaswa kupunguza nguvu papo hapo, la sivyo injini nzima inapotea.

Baada ya kuruka, mafundi hufungua chujio la oili na kulikagua kwa mwanga mkali. Chembechembe chache za chuma zinaweza kuwa jambo la kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho ni taarifa kwamba kitu kinasagika ndani. Plagi nazo hufunguliwa, mbili kwa kila silinda, jumla 36, na kila moja husomwa kwa rangi na hali yake kama daktari anavyosoma ulimi wa mgonjwa. Ni usiku wa namna hiyo, siku moja kabla ya fainali, ambapo timu hujua kama itashindana au itarudi nyumbani.

Fedha ndizo zinazoufanya usiku huo kuwa mgumu. Ndege hizi husajiliwa katika kundi la majaribio, likiwamo la maonesho au mbio za anga, na sheria za Marekani hukataza ndege za kundi hilo kubeba watu au mizigo kwa malipo. Kwa hiyo ndege haiwezi kujilipia kama zinavyofanya ndege nyingine. Zawadi za mashindano kwa kawaida hazifikii gharama za kuandaa injini moja. Pengo hilo huzibwa na wadhamini, mauzo ya fulana, kofia na picha, ada za vikundi vya wapenzi na, katika miaka ya karibuni, michango midogomidogo inayokusanywa kupitia intaneti. Anayechangia hapati hisa wala gawio. Hupata haki ya kusema kwamba ile ni ndege yake pia, na kwa wengi hiyo inatosha.

Lakini mchangiaji ametoa fedha ili aione ndege ikiruka, na mashindano hufanyika mara moja tu kwa mwaka. Fundi mkuu anayesema mwaka huu ndege haitoki anawaambia hivyo watu walioacha familia zao kwa majuma kadhaa na mashabiki waliosafiri kutoka mbali. Shinikizo hilo halimo katika kanuni yoyote, ila kila aliyefanya kazi katika karakana hizo analifahamu. Sheria imeweka mtu wa kulibeba: msaidizi asiye na leseni anaweza kufanya kazi chini ya usimamizi, lakini ukaguzi wa mwaka wa hali ya ndege husainiwa na fundi mwenye leseni, kwa jina lake. Kujitolea hakupunguzi uzito wa sahihi hiyo.

Uzito huo ulidhihirika tarehe 16 Septemba, 2011. Katika mashindano ya Reno, ndege aina ya P-51 Mustang iliyofanyiwa mabadiliko makubwa, ikijulikana kama Galloping Ghost, iliinuka ghafla, ikageuka na kuanguka mbele ya jukwaa la watazamaji. Rubani na watu wengine 10 walipoteza maisha, na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, ulikutwa na chanzo katika mkia. Nati za kujibana zinazoshikilia kibati kidogo cha kusawazisha ndege zilikuwa zimechakaa kwa ndani, skrubu zikalegea, kibati kikaanza kutikisika na kuvunjika. Ndege ikapanda kwa nguvu iliyomfanya rubani apoteze uwezo wa kuiongoza.

Nati ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa katika ndege ya thamani hiyo. Bodi hiyo ilitaja pia kwamba mabadiliko makubwa yaliyofanywa hayakuwa na kumbukumbu za maandishi wala majaribio ya kutosha ya kuruka katika kasi ya mashindano. Baada ya hapo ilipendekeza, pamoja na mambo mengine, kwamba ndege iliyofanyiwa mabadiliko makubwa itolewe uthibitisho wa tathmini ya kihandisi kabla ya kuruhusiwa kushindana, na kwamba marubani waandaliwe kuhimili uzito unaowaelemea miilini ndege inapokata kona kali. Kwa timu za kujitolea, mapendekezo hayo yalimaanisha gharama mpya ya kuwalipa wahandisi na kutunza nyaraka, eneo ambalo ni nadra mchangiaji kuvutiwa nalo. Ni rahisi kuuza fulana yenye picha ya injini. Hakuna anayenunua fulana yenye picha ya daftari la matengenezo.

Mashindano ya Reno, yaliyoanzishwa mwaka 1964 na Bill Stead, yalifanyika huko kwa mara ya mwisho Septemba 2023. Kukua kwa makazi na shughuli nyingine kuzunguka uwanja wa Stead, pamoja na kupanda kwa gharama za bima, ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Hata msimu huo wa mwisho haukupita bila msiba, kwani marubani wawili walifariki ndege zao zilipogongana walipokuwa wakija kutua.

Mwaka 2024 waandaaji waliutangaza mji wa Roswell, New Mexico, kuwa makao mapya. Uwanja wa Stead uko takribani mita 1,540 juu ya usawa wa bahari, wakati ule wa Roswell uko takribani mita 1,120. Hewa ya Roswell ni nzito zaidi, hivyo injini hupata pumzi kwa urahisi lakini bodi ya ndege hukutana na upinzani mkubwa, na timu zinalazimika kupanga upya hesabu za nguvu, za kupoza oili na za kasi ya kukata kona zilizozoeleka kwa zaidi ya nusu karne. Uwanja huo pia ni mahali ambapo ndege za abiria zilizostaafu huegeshwa na kukatwakatwa kwa ajili ya vipuri. Zote ni za jeti, na hakuna kati yake inayoweza kumpatia fundi wa Bearcat hata silinda moja.