Kutoka Mombo hadi Lushoto: kilomita 33 za mlimani

Abiria wengi wa mabasi ya Moshi na Arusha wanaijua Mombo kama mahali pa kushuka kula. Ukitokea Korogwe, upande wako wa kulia kuna barabara inayoingia mlimani. Urefu wake ni kilomita 33 hivi tu, lakini inakupandisha kutoka kama mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi kama mita 1,400. Unaiacha nchi ya mkonge na jasho, unafika Lushoto ukitafuta sweta.

Kwa nini ianzie Mombo? Sababu ni reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, lakini kampuni iliishiwa fedha na serikali ya kikoloni ikaichukua. Garimoshi liliingia Mombo mwaka 1905, na ikapita miaka kadhaa kabla reli haijasogezwa mbele. Moshi ilifikiwa mwaka 1911. Katika miaka hiyo ya kungoja, Mombo ndiyo ilikuwa mwisho wa reli, na mwenye safari ya milimani alishukia hapo. Huko juu palikuwa na mji wa Wilhelmstal, uliopewa jina la Kaiser Wilhelm II, Lushoto ya leo, ambako maofisa walikimbilia joto la pwani lilipowashinda.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Wajerumani ndio walioleta njia huku. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, walikuwa na njia zao za miguu, na utawala wa ukoo wa Wakilindi ulikuwa na makao yake Vugha, si mbali na Soni iliyo kwenye barabara hii, muda mrefu kabla ya mzungu wa kwanza kupima mteremko.

Wageni hulalamikia kona. Lakini lori lenye shehena haliwezi kuukabili mlima uso kwa uso. Ukitaka mwinuko uwe mpole, lazima urefu wa njia uongezeke, ndiyo maana barabara inafuata bonde la mto na kujikunja ubavuni. Ili ipate upana, mlima umekatwa upande wa juu. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa sababu mlima uliokatwa umepoteza sehemu ya egemeo lake. Masika yanapofika, udongo unakunywa maji, unakuwa mzito, chembe zake zinaacha kushikana, kisha ukingo mzima unaporomoka hadi katikati ya lami.

Kwa hiyo mimi nikiipima barabara ya namna hii, lami naitazama mwisho. Naanza na mtaro wa upande wa mlima, kisha kalavati linalopitisha maji chini ya barabara kwenda bondeni. Kalavati likizibwa na matawi na tope, maji yanapanda juu ya lami na kuanza kuula ukingo wa bondeni kutoka chini. Dereva anaona ufa mdogo tu, kumbe chini yake pameshakuwa pango.

Ukifika Soni utaona maporomoko ya maji kando ya barabara, na njia ya kwenda Bumbuli inachepuka. Kutoka mashamba ya huku juu ndiko zinakoshuka kabichi, karoti, viazi na nyanya zinazoliwa Tanga na Dar es Salaam. Njia ya kuzungukia Bumbuli hadi Korogwe ni ndefu, nayo ni ya mlimani vilevile. Udongo ukiifunga barabara ya Mombo siku mbili, nyanya zinaozea kwenye matenga, na hasara inabaki kwa mkulima.

Nawaomba wenye mashamba juu ya barabara: msilime hadi ukingoni mwa mkato, acheni nyasi na miti ishike udongo, na takataka za shamba zisitupwe mtaroni. Nanyi mnaosimamia matengenezo, zibueni makalavati Februari, kabla masika hayajaanza.