Unene Uliokithiri na Upasuaji wa Mgongo Uliopinda

Miongoni mwa wanawake wa Rwanda wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliokuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 16 mwaka 2010, na ilipofika 2019-2020 wakawa asilimia 26. Ongezeko hilo, ambalo aghalabu hutajwa pamoja na kisukari, linawahusu pia wapasuaji wa uti wa mgongo. Unene huitwa uliokithiri pale kilo za mtu zikigawanywa kwa mraba wa urefu wake kwa mita zinapotoa 30 au zaidi, kiwango ambacho mwenye urefu wa mita 1.60 hukifikia akiwa na kilo 77.

Mgongo wa mtu mzima hupinda kwa sababu ya kuchakaa kwa pingili, mpindo wa ujanani usiotibiwa, au kifua kikuu cha mifupa, ambacho hubomoa pingili na kuacha kibiongo. Upasuaji wa kuunyoosha, unaofunga pingili kadhaa kwa skrubu na fito za metali, huchukua saa nyingi hata kwa mtu mwembamba. Kwa mnene, ambaye hulazwa kifudifudi, tumbo likibanwa shinikizo hupanda katika vena zinazozunguka uti na damu humwagika zaidi; tena mafuta ya chini ya ngozi yana mishipa michache ya damu, hivyo kinga ya mwili na dawa hulifikia jeraha kwa shida, na vijidudu hupata nafasi.

Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa hao hupata matatizo mengi zaidi, hasa maambukizi, lakini maumivu yao nayo hupungua. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa akakonde kwanza, bila kumpa mpango wowote, si tiba, kwa kuwa mwenye mgongo unaouma hatembei vya kutosha kupunguza uzito. Kinachofaa ni kudhibiti sukari, kuacha sigara na kula protini ya kutosha, maana hata mnene anaweza kuwa na utapiamlo.

Mgonjwa wa Gisenyi anayefanyiwa upasuaji huo Kigali hurudi nyumbani takribani kilomita 150 kutoka kwa daktari wake, ilhali maambukizi mengi hujitokeza wiki chache baada ya kuruhusiwa. Jeraha linalotoa majimaji, homa, au maumivu yanayorudi baada ya kutulia yafikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.