Dawa ipo Mbarara, mkalimani ni mtoto

Anayepakia mahindi Nakivale au kushusha vitenge Rubondo anajua kwamba Kiswahili ndicho kinachofunga bei huko. Mkongomani, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali huelewana sokoni bila taabu. Lakini mmoja wao akipatwa na saratani iliyokwisha kusambaa, akafikishwa Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, anakuta wodi ambayo mazungumzo yake mengi ni Kinyankole na Kiingereza.

Kwa sheria na dawa, muuguzi wa Uganda hana cha kuonea aibu. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, na huduma ya Mbarara ikafuata 1998. Mwaka 2004 Uganda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani kutuliza mateso ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona, kuandika mofini bila kumsubiri daktari. Mofini hiyo ni unga unaochanganywa na maji humohumo nchini, na mgonjwa hupewa bure. Rangi huonyesha nguvu yake: kijani ni hafifu, waridi ni kali.

Hunywewa kila baada ya saa 4, na dozi ya kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza wapate usingizi. Huambatana na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Kwa wenye ndugu ng'ambo ya Kikagati: hii ni dawa inayodhibitiwa kimataifa. Anayevuka nayo kwenda Murongo aulize taratibu mapema, awe na barua ya hospitali, na dawa ibaki kwenye chupa yake yenye lebo. Wapo watakaoshawishika kuimimina kwenye chupa ya soda ili isitiliwe shaka. Mtoto mwenye kiu akiikuta je?

Ugumu uko kwenye maneno. Maumivu yenyewe yana njia: mgonjwa huonyesha mkono, ngumi ikiwa hayapo, vidole vitano yakiwa hayavumiliki. Hapo hahitajiki mkalimani. Ila kazi ya muuguzi wa mgonjwa wa namna hii haiishii kwenye maumivu. Anapaswa kuuliza mama anaogopa nini, watoto watabaki na nani, angependa kufia wapi, suala zito kwa mtu ambaye kwao hakurudiki.

Sasa mkalimani akiwa binti wa miaka 12, aliyeokota Kinyankole shuleni, muuguzi afanyeje? Amwambie mtoto amtafsirie mama yake kwamba hatapona? Binti anaweza kunyamaza, au akasema dawa itamponya, na hakuna wa kumlaumu. Mama atarudi Nakivale akingoja nafuu, na akiba ya nyumbani itaishia kwenye nauli za kutafuta tiba nyingine.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Kwa wodi zinazopokea watu wa Nakivale, kingeanzia kwenye sentensi chache tu ambazo muuguzi azijue mwenyewe. Kwa yale mazito, aitwe mtu mzima, hata kama ni dereva au mchuuzi aliyemleta mgonjwa, mradi mgonjwa amkubali, na binti apelekwe nje kwanza akanywe chai.