Kuzaa Bure: Tamko au Sheria?



Kila tukikutana na akina mama jumuiyani swali moja halikosi: "Kama kuzaa ni bure, mbona tunaambiwa tuje na pamba na glavu?" Tukaona afadhali tuisome sheria yenyewe, maana wengi wetu tunaijua kwa kusikia redioni tu.

Tulianza na kesi ya jirani zetu wa Bungoma. Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika hospitali za serikali. Agosti mwaka huohuo mama mmoja alifika hospitali ya Bungoma akiwa na uchungu. Ilibidi anunue pamba na dawa kwa pesa zake. Saa ilipofika hakukuwa na wa kumhudumia wala kitanda cha kuzalia, akazaa sakafuni. Alipozinduka, wauguzi walikuwa wakimkaripia na kumpiga. (Nao wauguzi wachache wakibebeshwa wodi nzima huchoka, lakini kofi si dawa ya uchovu.)

Alienda kortini. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, alipwe fidia ya Sh2,500,000 na aombwe msamaha. Jaji hakuishia kwa wauguzi. Alisema serikali kuu na ya kaunti zilishindwa kutenga vya kutosha na kusimamia huduma.

Hapo ndipo tulipokaa sana. Tamko lilitoka, vitanda havikuongezeka. Tena mama huyo hakushinda kwa sababu Rais alisema. Alishinda kwa sababu ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya huduma ya afya, ya uzazi ikiwemo, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeongeza meno: hospitali yenye uwezo ikikataa kutibu dharura inaweza kutozwa faini hadi Sh3,000,000. Kwa hiyo mama akifukuzwa getini huku anavuja damu, hilo ni kosa la jinai. Si bahati mbaya.

Hapa kwetu Kakamega kaunti ilianzisha mpango wa Imarisha Afya ya Mama na Mtoto mwaka 2013, watu wakauita "Oparanya Care" kwa jina la gavana wa wakati ule. Mama asiyejiweza alipewa Sh2,000 mara sita, akihudhuria kliniki. Mwaka 2017 bunge la kaunti likautungia sheria, ili usife gavana akiondoka. Hata hivyo sheria haina mfuko. Pesa hutoka kwa bajeti ya kila mwaka, na makadirio hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni, na akina mama wetu hawaonekani.

Mjamzito naye asingoje uchungu ndipo ajiandikishe kwa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Kabla ya kikao kijacho cha bajeti, wanajumuiya watatu watapita zahanati wakaulize: vitanda vya kuzalia ni vingapi, usiku hubaki wauguzi wangapi, na glavu huisha tarehe ngapi ya mwezi.