Hatari Iliyofichwa Merikebuni

Ziko merikebu kubwa baharini zisizochukua mizigo wala watu waendao kazini. Zinachukua watu wanaotaka kupumzika na kuona nchi za wengine. Huitwa merikebu za matembezi. Nyingine huchukua watu zaidi ya 5000, kama mji mzima. Ndani yake muna vyumba vizuri, chakula kingi, na mganga pia. Utafikiri ugonjwa hauwezi kuingia mahali kama pale. Lakini unaingia, na njia yake ni ileile unayoingilia nyumbani kwetu. Basi tujifunze.

UGONJWA WA KUTAPIKA

Ugonjwa unaojulikana sana katika merikebu hizi ni wa kutapika na kuhara. Unaletwa na kijidudu kiitwacho norovirusi, kisichoonekana kwa macho. Jina lake limetoka katika mji wa Norwalk, Marekani, ambako watoto wa shule waliugua mwaka 1968. Vijidudu vichache tu vinatosha kumwangusha mtu. Baada ya saa 12 mpaka 48 anaanza kutapika na kuhara. Wengi hupona kwa siku moja mpaka tatu, lakini wazee na watoto wadogo waweza kukaukiwa na maji mwilini, na hiyo ndiyo hatari.

Katika merikebu watu wengi hushika kijiko kimoja cha kupakulia na mlango mmoja wa choo. Mgonjwa mmoja asiyenawa mikono aweza kuwapa wengi ugonjwa. Dawa ya mikono yenye alkoholi haikiwezi sana kijidudu hiki. Sabuni na maji ndiyo silaha.

Sheria ya merikebu ni hii: mtu akianza kutapika, amwambie mganga, akae chumbani mwake mpaka muda uliowekwa upite tangu kuhara na kutapika kukome. Lakini wengine huficha. Wamelipa fedha nyingi, hawataki kufungiwa chumbani. Wanakwenda kula pamoja na wenzao, na siku ya tatu watu wengi wanaugua. Kwa sababu hiyo serikali ya Marekani, tangu miaka ya 1970, imetuma wakaguzi kutazama majiko na maji ya merikebu zinazofika bandarini mwake. Hutoa alama mpaka 100, na merikebu inayopata 85 au chini yake imeshindwa. Hata matajiri hukaguliwa jikoni. Basi tusikasirike muuguzi akija kutazama choo chetu.

WALIOONEKANA WAZIMA

Mwanzo wa mwaka 2020, merikebu iitwayo Diamond Princess ilifika Yokohama, nchi ya Japani, yenye watu 3711. Abiria mmoja aliyeshuka Hong Kong tarehe 25 Januari alikuwa amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa korona. Tangu tarehe 5 Februari abiria waliamriwa kukaa vyumbani. Wengi walikuwa wamekwisha kuambukizwa kabla ya amri ile. Tena watumishi wa merikebu waliendelea kupika na kupeleka chakula mlango kwa mlango, na usiku walilala wawili au zaidi katika chumba kimoja. Mwisho wake watu 712 walionekana kuwa na ugonjwa. Sehemu kubwa yao hawakuwa na dalili yo yote siku walipopimwa.

Wewe mama, fikiri jambo hili. Mgonjwa amelazwa peke yake, vema. Lakini ni nani anayemwaga beseni lake? Mara nyingi ni binti yuleyule anayesonga ugali wa jamaa yote. Kama hanawi kwa sabuni, kumtenga mgonjwa hakusaidii kitu.

NAHODHA ALIYENYAMAZA

Tarehe 13 Januari 2012, usiku, merikebu Costa Concordia ilipita karibu mno na kisiwa cha Giglio, nchi ya Italia, ikagonga mwamba. Ndani yake mlikuwa watu zaidi ya 4200. Maji yalikuwa yanaingia, lakini abiria waliambiwa kwamba ni umeme tu uliozimika. Amri ya kutoka ilitolewa baada ya saa moja na zaidi, na merikebu imekwisha kuinama. Watu 32 walikufa. Nahodha alitoka wengine wangali ndani, na mahakama ikamhukumu miaka 16 gerezani.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 27. Mabaharia walitaka kutoroka kwa mashua ndogo, wakijisingizia kazi nyingine. Paulo hakunyamaza. Alimwambia akida, askari wakakata kamba, na watu wote 276 wakafika nchi kavu. Merikebu ilivunjika, lakini hakupotea mtu.

Sisi pia tuna maji yetu. Mwezi wa Oktoba 2024 mashua iliyojaa kupita kiasi ilizama katika ziwa Kivu, karibu na Goma, watu wakitazama kutoka pwani. Wengi walikufa. Ukiona mashua imejaa mno, sema, kisha usipande. Bora kufika kesho.

UFANYE NINI NYUMBANI

1. Mtu akianza kuhara, usifiche kwa kuogopa maneno ya majirani. Kipindupindu kinakaa katika miji na vijiji vya kando ya maziwa yetu, nacho chaweza kuua mtu kwa saa chache. Kuhara kama maji ya mchele ni shauri la hospitali, hata usiku.

2. Usingoje safari ili uanze kumpa maji. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visiwe vya mlima. Anywe kidogo kidogo, hata njiani. Mtoto mchanga aendelee kunyonya.

3. Nawa kwa sabuni kila utokapo chooni, kila umalizapo kumhudumia mgonjwa, na kabla ya kushika chakula.

4. Matapishi yafutwe upesi, na mahali pale paoshwe kwa sabuni, kisha kwa maji yenye javeli.

5. Mgonjwa wa kuhara asipikie wengine mpaka siku mbili zipite tangu apone.

Kumwambia muuguzi si kujiaibisha. Ni kumpenda jirani, kama Bwana wetu alivyotuamuru. Kama kwenu yuko mtu anayehara leo, funga kitabu hiki, kamchanganyie maji ya kunywa, kisha umlete.